Kanuni ya Kumi na Nne

Niliiandika mimi, simsingizii mtu.
Ijumaa moja ya Shaabani, saa kumi na moja kasorobo,
ofisi ya uwakala, Ganjoni, ghorofa ya tatu,
feni inazunguka kama iliyolazimishwa,
na Nyamvula wa hesabu amesimama nyuma ya kiti changu:
"Dada, ukurasa wa ushuru haufunguki.
Kontena la vigae liko bandarini siku ya sita,
na kila siku inalipiwa."

Nikaufungua ukuta.
Ukuta wetu hauna jiwe wala chokaa.
Ni orodha: kanuni themanini na mbili
zisomwazo kutoka juu kwenda chini,
na ya kwanza kuafikiana na mgeni ndiyo ihukumuyo.
Zilizo chini yake hubaki kama wajomba
waliofika harusini sinia zimeshaoshwa.

Ya kumi na nne nikaipachika juu ya makatazo yote:
*ruhusu kila jina linaloishia na bandari.*
Pembeni nikaandika: ya muda tu, nitaitoa Jumatatu.

Jumatatu ilikuja.
Zimekuja Jumatatu mia mbili.

Na miaka yote hiyo ukuta ulifanya kazi kwa bidii ya kutisha.
Ulimzuia Swabra wa mapokezi,
aliyetafuta, adhuhuri, wenzake wakiwa wametoka,
dalili za saratani ya titi.
Neno titi limo katika orodha ya aibu.
Ukamjibu kwa herufi nyekundu: ukurasa huu haufai.
Akaifuta skrini, akarudi kwenye simu za wateja.
Asubuhi nililiona jina lake kwenye ripoti,
nikalipita.
Ukamzuia Mwero dereva, aliyetaka msaada wa kuacha kamari,
kwa kuwa msaada wa kuacha kamari
umeandikwa kamari.

Mwizi hakuja na mtaimbo.
Alikaa pahali, sijui wapi, akasajili jina: ushurubandari.
La halali ni ushuru, nukta, bandari.
Lake limegandana, kama mahamri mawili karaini.
Linaishia na bandari? Linaishia.
Kanuni ikasema, karibu.
Sitini na nane zilizobaki hazikuulizwa.

Milioni moja na laki nne
zikatoka kwa mkono wa Nyamvula,
mkono ambao haujawahi kukosea hata senti ya stempu,
na wakubwa wakamwita yeye.
Nilimwona kupitia kioo, ameshika mkoba mapajani
kama abiria asiyejua kituo.

Ndipo nikakumbuka chuo cha Kibokoni,
Maalim Shee na chaki yake fupi.
Alichora kijino, akatia nukta chini: "Hii?"
Be, tukapaza.
Akaihamisha juu: "Na hii?"
Nuni.
Akaifuta. "Na sasa?"
Tukanyamaza, watoto kumi na wanane.
"Sasa si herufi. Ni kijino tu,
kinamngoja yeyote aje akitie maana."

Usiku huu nimebaki na orodha yangu.
Nukta nimeirudisha mahali pake,
ndogo kuliko chembe ya iliki.
Nikahifadhi.
Haikupita dakika, simu:
mizani ya malori Miritini haifunguki.
Kumbe nayo, miaka minne,
ilikuwa ikipumua kwa tundu lilelile.
"Foleni imefika barabarani, dada.
Tufungulie kidogo. Ya muda tu."

Sijamjibu. Kidole kiko juu ya kibodi
na malori yanapiga honi ndani ya sikio langu.

Kesho saa mbili Nyamvula ana kikao.
Nimechapisha kanuni ya kumi na nne ilivyokuwa,
na tarehe yake, na ile ahadi ya Jumatatu,
na jina la aliyeiandika.
Karatasi bado ina joto la mashine.